Sura ya Sita: Kwa Mke Wangu na Wote Wanaosikiliza

Mwanamke wa Iramba au wa Unyaturu aliyepokea barua ya mumewe kutoka Burma mwaka 1944 hakuwa msomaji wake wa kwanza, wala wa pili. Huenda hata mume mwenyewe hakushika kalamu. Aliketi kando ya mwenzake aliyewahi kukaa darasani, akamtajia maneno, na mwenzake akayaandika kwa namna aliyoona inafaa. Barua ikapita kwa ofisa wa kikosi, ikapita kwa wakaguzi wa jeshi waliokuwa wakisaka majina ya mahali na manung'uniko, ikavuka bahari, ikapanda treni ya Reli ya Kati mpaka Manyoni. Kutoka pale iliendelea kaskazini kuelekea Singida, njia ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilijengewa tawi la reli hadi Kinyangiri, tawi lililokuja kung'olewa baadaye. Bomani ilikabidhiwa tarishi, au mtu wa mtemi, au mwinjilisti aliyekuja kufuata mizigo ya misheni. Ilipofika nyumbani akatafutwa mwalimu wa kuisoma. Na mwalimu anaposafisha koo, baba mkwe amekwisha kaa kwenye kigoda, mama mkwe yuko mlangoni, na watoto wa jirani wamejaa uani.

Katika hali hiyo, mwanamume anamwambiaje mkewe kwamba anampenda?

Nauliza kwa sababu nimewasikia watu wa mjini, wasomi wazuri tu, wakisema kwamba wazee wetu hawakujua mahaba. Ushahidi wao ni barua zenyewe. Wanaziona kavu: salamu, ng'ombe, fedha, salamu tena, jina. Halafu wanazilinganisha na barua za askari wa Kizungu, ambazo zimejaa machozi na nyota za usiku.

Wamarekani wanayo moja mashuhuri. Meja Sullivan Ballou, mwanasheria wa Rhode Island, alimwandikia mkewe Sarah tarehe 14 Julai 1861, wiki moja kabla ya mapigano ya Bull Run ambako alijeruhiwa na baadaye akafa. Mwaka 1990 mtengenezaji filamu Ken Burns aliiweka katika mfululizo wake wa televisheni kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na nchi nzima ikaijua. Ni barua nzuri kweli. Lakini Ballou aliiandika kwa mkono wake, kwa lugha aliyozaliwa nayo, kwa mke aliyeweza kuisoma chumbani peke yake. Mpe masharti ya koplo wa Kiomboi, karani wa kuandika, mkaguzi wa kupekua, mwalimu wa kusoma na baba mkwe wa kusikiliza, halafu tuone angeandika nini.

Kuhusu hoja kwamba mahaba yaliletwa na meli za Wazungu, yuko shahidi kutoka upande wa pili. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider alifanya utafiti Unyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950, akaandika kitabu kuhusu Wanyaturu wa Wahi, na zaidi ya hicho akaandika makala mahsusi juu ya mapenzi ya mahaba miongoni mwao, wakati wataalamu wenzake wengi walikuwa bado wanayahesabu mahaba kuwa mali ya Ulaya. Wazee wa Singida hawakuhitaji makala hiyo. Naitaja kwa faida ya wale wanaohitaji cheti.

Kwa hiyo mapenzi yalikuwapo. Kilichobadilika kutoka vita moja hadi nyingine ni idadi ya masikio kati ya mume na mke.

Vita ya kwanza ya dunia haikutuachia barua za namna hii, na kutojua kusoma ni nusu tu ya sababu. Askari wa jeshi la Wajerumani walikwenda vitani na wake zao. Safu ya Paul von Lettow-Vorbeck ilipovuka Ruvuma mwezi Novemba 1917 kuingia Msumbiji, wanawake na watoto walikuwa wakitembea nyuma yake, wakipika, wakibeba vyombo, wengine wakijifungua njiani. Walikuwa bado wamo mwaka mmoja baadaye, jeshi lile liliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia. Mke aliyelala moto mmoja na mumewe haandikiwi barua.

Waliotenganishwa na wake zao walikuwa wapagazi, na hao hawakuandika kabisa. Majeshi yote mawili, la Wajerumani na la Waingereza, yaliwazoa wanaume wa kati ya nchi kubeba mizigo, na wengi wao walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mwishoni mwa Julai 1916 vita vilifika Kilimatinde, katika Manyoni ya leo. Majeshi yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua watu. Kilichofuata katika nchi ya Wagogo, pamoja na upande wa Manyoni, ni njaa iliyoitwa Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920. Wanawake waliobaki nyumbani miaka ile hawakuwa wakingoja salamu. Walikuwa wakichimba mizizi.

Ndiyo maana historia ya barua za mapenzi ya askari wa Singida inaanza hasa katika vita ya pili. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walivaa sare kati ya 1939 na 1945. Baadhi walijiandikisha wenyewe, baadhi walichaguliwa na mtemi kwa sababu zake, na baadhi walikamatwa tu. Kikosi cha sita cha King's African Rifles, kilichokuwa cha Tanganyika, kilipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagascar mwaka 1942. Vikosi vingine viwili vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, viliingia Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vikateremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka 1944 mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba.

Mtu wa Singida amezoea nchi ya milimita 500 hadi 800 za mvua kwa mwaka, ambako wingu jeusi ni habari njema. Kabaw alikuta mvua isiyokatika, tope la magotini, malaria, na barabara zinazomeza magari. Chakula na risasi vilidondoshwa kutoka angani kwa miamvuli. Barua nazo zilikuja kwa namna hiyohiyo zilipoweza kuja.

Jeshi lenyewe lilifanya jambo moja ambalo wakoloni hawakulipigia hesabu mpaka mwisho. Liliwafundisha askari kusoma. Kikosi cha Elimu cha Jeshi la Afrika Mashariki kilituma walimu Waafrika katika makambi, na wanaume wengi walijifunza herufi zao za kwanza wakiwa wamevaa kaptura za kaki. Walipewa magazeti ya Kiswahili, likiwamo Heshima kwa waliokuwa Asia. Baada ya vita habari iliyosimuliwa zaidi ni jinsi kusoma huko kulivyowaamsha kisiasa. Waruhiu Itote, Mkenya aliyepigana Burma ndani ya kikosi cha 36, baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau. Habari hizo ni za kweli na zimeandikwa vya kutosha. Ambacho hakijaandikwa ni kwamba mtu aliyejifunza kuandika kambini hakuanza na siasa. Alianza na kwao.

Na hapo ndipo lilipokaa tatizo. Mume alijifunza kuandika, mke hakujifunza kusoma. Zaidi ya hayo, barua iliandikwa kwa Kiswahili, lugha ya boma na ya gwaride, wakati wawili hao walikuwa wameposana, wamegombana na kupatana kwa Kinyaturu au Kinyiramba. Utani wao wote, majina yao ya ndani, vijembe vyao vya jikoni vilibaki nje ya bahasha. Mwalimu aliyesoma alilazimika kuyageuza maneno ya Kiswahili kuwa ya nyumbani, akiwa mbele ya wazee, na mwalimu mwenye adabu angeruka sentensi yoyote ya kutia aibu.

Basi mapenzi yakajificha. Yalijificha kwanza katika mpangilio wa salamu. Barua ya askari ina salamu nyingi hadi msomaji wa leo anapiga miayo: baba, mama, shangazi, kaka mkubwa, mke wa kaka, jirani wa mashariki, jirani wa magharibi, mzee aliyewahi kumtibu. Wasikilizaji wa siku ile hawakupiga miayo. Kila mmoja alingoja jina lake, na kila mmoja alihesabu jina la mke limetajwa la ngapi, mara ngapi, na limefuatwa na nini. Kumtaja mke kabla ya baba kungekuwa utovu wa adabu. Kumtaja mwishoni, halafu kumrudia tena baada ya salamu zote kwisha, kulikuwa tangazo.

Mwenye wake wawili alikuwa na kazi zaidi. Bahasha moja, nyumba mbili, na wivu wa pande zote ukisikiliza. Sijui kama kuna mtunzi wa siku hizi angeweza kuandika barua hiyo bila kuvunja kikombe.

Yakajificha pia katika mifugo. Tuseme mume ameagiza kwamba ndama wa ng'ombe fulani asiuzwe, na maziwa ya mama yake yawe ya mke na mtoto mchanga. Kwenye karatasi hilo ni agizo la ufugaji. Uani, mbele ya kaka zake wanaochunga zizi lake wakati hayupo, ni ulinzi. Amesema mbele ya mashahidi kwamba mwanamke huyu ana mtu, na kwamba mtu huyo anahesabu hata maziwa akiwa ng'ambo ya bahari. Mkaguzi wa jeshi akiisoma sentensi ile anapiga muhuri na kusonga mbele. Mke anabaki nayo mwezi mzima.

Lakini nikilazimishwa kuchagua barua kubwa ya mapenzi ya vita ile, nitachagua karatasi ambayo haikuwa barua. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ikatwe kila mwezi na kulipwa bomani kwa mtu wa nyumbani aliyemtaja. Alitakiwa kutaja jina moja. Baba? Kaka mkubwa? Desturi ilielekea huko, kwa kuwa mali ni ya ukoo na mke ni mgeni katika ukoo. Askari aliyeandikisha jina la mkewe alijua atakachokisikia akirudi. Na mkewe alijua, kila alipotembea kwenda boma na kuitwa jina lake mbele ya karani na foleni nzima, kwamba huko mbali, siku ya kuandikishwa, mwanamume mmoja aliulizwa swali na akajibu jina lake.

Nani alichagua nini kati ya Ilongero na Mkalama ni hesabu ambayo ingefaa kufanywa na mwanafunzi mmoja wa historia. Mabishano juu ya fedha hizi yalikuwa makubwa Afrika Mashariki nzima. Wakuu wa wilaya walipokea barua za askari wakilalamika kwamba kaka amekula fedha, kwamba ng'ombe wamepungua, kwamba mke hajibu. Mara nyingi barua hizo ziliingia katika mambo ambayo Mwingereza yule hakuyasomea chuoni. Askari aliyekuwa Ceylon au Assam alimwomba Bwana Mkubwa apeleke mtu akaangalie kama mkewe bado yuko nyumbani, na kama yuko, analala wapi. Wivu uliandikwa kwa lugha ya maombi rasmi. Maofisa waliuona ni usumbufu wa nidhamu, wakaushughulikia kama usumbufu. Mimi nauona ni upande wa pili wa mapenzi yaleyale. Mtu asiyempenda mkewe hamwandikii mkuu wa wilaya.

Kimya nacho kilikuwa barua. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama katika muda wa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Habari za meli zilizozama hazikutangazwa haraka wakati wa vita, ili adui asifaidike. Kwa hiyo katika nyumba zilizoguswa, kote kutoka Nyanza hadi kusini mwa Tanganyika, mwezi wa kwanza bila barua ulifanana na miezi mingine yote bila barua. Wanawake walizoea kuchelewa. Kuchelewa na kufa vilikuwa na sauti moja.

Waliookoka walianza kurudi 1945, na wengi 1946, kwa sababu meli hazikutosha. Walirudi na blanketi, na koti, na senti walizokuwa wamewekewa. Barua zao nyingi zimekwisha. Zilikuwa karatasi moja katika nyumba za tembe zenye moshi na mchwa, mikononi mwa mtu ambaye hakuweza kuzisoma tena peke yake hata angetaka. Zilisomwa mara moja, zikasikilizwa na wote, zikaisha.

Zaidi ya miaka 30 baadaye vita vikaja tena, na safari hii vikakuta mwanamke mwingine.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia eneo la Kagera kaskazini mwa mto. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba tutampiga. Jeshi likapanuliwa kwa kuita mgambo kutoka mikoa yote, malori ya watu binafsi na mashirika yakachukuliwa, na treni zilizojaa askari zikapita Reli ya Kati kuelekea Tabora na Mwanza. Ukiwa Manyoni au Itigi miezi ile, vita ulivisikia kwanza kama mluzi wa treni usiku. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapema mwezi Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan.

Tazama sasa mke aliyeachwa. Singida ilikuwa mkoa unaojitegemea tangu mwaka 1963. Kwa operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, familia nyingi zilikuwa zimehamishwa kutoka makazi ya zamani na kuwekwa kwenye vijiji vilivyosajiliwa. Operesheni ile iliumiza watu, na nyumba zilichomwa katika sehemu nyingi za nchi, sisemi hayakutokea. Lakini kwa posta, mwanamke aliyekuwa hapatikani sasa alikuwa na anwani: kwa Mwenyekiti wa Kijiji, au kwa Mwalimu Mkuu, S.L.P. fulani, Singida. Shirika la Posta na Simu lilikuwa changa, limezaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na lilikuwa na upungufu wa kila kitu. Barua zilifika hata hivyo.

Kubwa zaidi ni kisomo. Wakati wa sensa ya 1967, watu wazima wasiojua kusoma nchini walikaribia asilimia 67. Mtihani wa 1975 ulikuta wamebaki asilimia 39, na wa 1977 asilimia 27. Hizo ni takwimu za taifa, na naelewa kwamba kusoma kwa mtihani ni tofauti na kusoma barua yenye mwandiko wa mtu aliyeandika juu ya goti. Hata hivyo, katika madarasa ya ngumbaru chini ya miti ya Singida waliojaa walikuwa wanawake. Serikali ilitaka wasome kuhusu mbolea, chanjo na vyoo. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba na lishe. Hakuna waziri aliyesimama kusema tunawafundisha kina mama ili waume zao waweze kuwaandikia maneno ya chumbani. Lakini hilo nalo lilitokea, na katika hesabu ya faida za elimu ya watu wazima nimekuwa nikilitafuta bila kulikuta popote.

Fikiria tofauti. Bahasha inafika. Baba mkwe anauliza kuna habari gani. Mke anasema, mzima, anawasalimu wote, kisha anaingia ndani. Anaisoma kwa kidole, polepole, neno kwa neno, akirudi nyuma anapopotea. Inamchukua jioni nzima. Hakuna mtu mwingine ndani ya chumba kile.

Mume aliyejua hivyo aliandika tofauti. Lugha ya barua za mapenzi ya miaka ile kila aliyekuwa kijana wakati huo anaikumbuka, na nyingi ya kanuni zake zilipitia shuleni kutoka daftari moja hadi jingine. Kwako mpenzi, ubavu wangu. Mimi huku ni buheri wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la waraka huu. Kalamu inaniishia wino lakini moyo haujaisha maneno. Wakosoaji wamezicheka sana kanuni hizi, na kweli zinachekesha zinapoandikwa na mtoto wa darasa la saba kwa mtoto wa darasa la saba. Zipeleke Masaka nchini Uganda, Februari 1979, mikononi mwa mgambo ambaye miezi minne iliyopita alikuwa akilima mtama Ikungi. Kusema kwamba hofu ni kwako wewe uliye mbali, wakati mabomu yanalia kwake na si kwa mkewe, ni upole wa hali ya juu. Amegeuza vita. Mwenye hatari ni yeye, na anadai anayeogopewa ni mke.

Usiri haukuwa kamili. Jeshi lilikataza kutaja mahali, na anwani ilikuwa namba ya kikosi na herufi KJ, basi. Mke alijua namba, hakujua nchi. Wengine walikwepa posta wakapitisha barua kwa mkono wa majeruhi aliyerudishwa au dereva wa lori lililokwenda Mwanza. Na si kila mke alikuwa amemaliza kisomo. Katika nyumba nyingi msomaji alikuwa mtoto, kwa kuwa mwaka 1977 nchi ilikuwa imeanza kuandikisha watoto wote shule. Baba anayejua kwamba barua yake itasomwa kwa sauti na binti yake wa darasa la nne huchagua maneno kwa uangalifu kuliko aliyeogopa baba mkwe. Nadhani ndiyo sababu barua kadhaa za zama zile zina sura mbili: ukurasa wa mbele kwa familia, na karatasi ndogo iliyokunjwa ndani, kwa mwenyewe.

Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliofuatana na majeshi yetu hadi Uganda, waliandika kwamba Watanzania 373 walikufa jeshini katika vita vile, na kwamba 96 tu kati yao walikufa moja kwa moja kwa mapigano. Waliobaki walikufa kwa ajali za magari na misiba mingine ya safari ndefu. Makaburi yapo Kaboya, wilayani Muleba. Taarifa ya kifo ilikuja kwa njia ya serikali, kwa mtu aliyefika na sare au na barua ya ofisi ya mkuu wa wilaya, na ilikuwa na mwendo wake. Posta ilikuwa na mwendo mwingine. Hivyo ilitokea katika vita hivi, kama katika vita vyote, bahasha ya marehemu kufika baada ya tanga kuanuliwa, ikisema yeye ni mzima.

Baadaye ikaja miezi kumi na minane ya kufunga mkanda ambayo haikwisha kwa miezi kumi na minane, na sabuni, sukari na khanga vikawa adimu kuliko barua. Wanawake wengi walizitunza barua zile ndani ya masanduku ya bati pamoja na vyeti vya ubatizo, kadi za chama na khanga ya harusi. Tofauti na bibi wa 1944, wao waliweza kuzirudia. Wengine wanazirudia hadi leo, kwa miwani.

Siku hizi askari wetu wako nje kwa idadi ndogo, chini ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, wilaya ya Beni huko Kongo, ilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Hakuna aliyekuwa akingoja bahasha kutoka Semuliki. Walikuwa wakipiga simu na kutuma ujumbe wa WhatsApp, pengine asubuhi ileile. Mke wa askari wa leo anasikia sauti, anaona sura, hahitaji mwalimu wala binti wa darasa la nne. Usiri ameupata wote. Alichopoteza ni karatasi. Simu ikianguka majini, ikiibwa kwenye stendi ya Msamvu, au akaunti ikifungwa, miaka mitatu ya mapenzi imekwenda, na hakuna mchwa wa kulaumiwa.

Kwa hiyo namalizia kwa ombi, hasa kwa msomaji ambaye mama yake au bibi yake aliwahi kuwa mke wa askari wa Kagera. Waliokuwa na miaka 25 wakati wa vita vile sasa wamepita 70. Kama kuna sanduku, lisaidie kukaa pakavu, mbali na ukuta wa udongo. Usizibandike karatasi kwa gundi ya selotepu. Zipige picha pande zote mbili, pamoja na bahasha, maana tarehe ya muhuri na namba ya KJ ndivyo vitakavyomwezesha mwanahistoria kujua barua iliandikwa kutoka wapi wakati mwandishi alikatazwa kusema. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina mafaili mengi ya wakuu wa wilaya na machache mno ya wake za askari. Nakala moja kutoka Singida itapokelewa. Lakini kabla ya yote hayo muulize mwenyewe, na muulize mkiwa wawili tu. Akikubali, kaa, asome yeye. Akikataa, mrudishie sanduku lake na usimwambie mtu.